Kidevu Kabla ya Jumamosi

Mpendwa Senje, dada wa pekee wa baba,

Jumamosi watu wa kina Kiprono wanakuja nyumbani kuniposa, na wewe ndiye ungenitengeneza kidevu, ukaking'oa nywele. Tangu tukuzike sijaruhusu mtu mwingine akiguse.

Ulikuwa unanikalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya saluni yako pale Kapsoya, pazia limefungwa, waksi ikiyeyuka kwenye sufuria ndogo. Kabla ya lolote ulipitisha kidole gumba chini ya mdomo wangu, ukasonya.

"Umenyoa tena! Sasa waksi ishike nini, hewa?"

"Senje, ningeendaje kazini hivyo?"

"Kwa miguu yako. Rudi nywele zikiwa na urefu wa punje ya mchele."

Ulinieleza kwamba nywele hazioti zote pamoja. Ukiharakisha, zilizo bado chini ya ngozi hutokeza siku chache baadaye, na mtu hudhani waksi haikufanya kazi. Zikiwa fupi hukatika badala ya kung'oka. Zikirefuka mno, unalia. Nililia mara moja, ukacheka hadi mteja aliyekuwa akisukwa akapaza sauti: "Mama, unamchinja huyo?"

Kungoja ndiko kunanishinda. Mimi ni karani wa dirishani. Watu husimama karibu na uso wangu siku nzima. Kila asubuhi naushika wembe, naisikia sauti yako, naurudisha. Kisha navaa barakoa na kuwaambia wenzangu nina mafua.

Jana mama mmoja mzee kutoka Ainabkoi alishindwa kunielewa. Nikarudia, nikarudia tena.

"Msichana, toa hiyo kitu kwa mdomo. Mimi naskianga na macho."

Foleni nzima ikacheka. Senje, niliitoa barakoa. Alitazama midomo yangu, akaitikia kila neno, akakunja karatasi zake akaenda. Aliyekuwa nyuma yake akasogea, akauliza lake. Hakuna kilichotokea. Barakoa ilibaki kwenye droo hadi jioni.

Kesho baada ya kazi naenda kwa yule msichana uliyemfundisha kazi hii pale saluni. Naogopa mikono yake kwa sababu si yako. Hata hivyo nitaketi, nitatulia, na nywele zimefika urefu ule wa punje ya mchele.

Pumzika, Senje. Kumekucha, na mimi natoka kwenda kazini, uso wazi.

Mtoto wa kaka yako