Upande wa Usukani

Kalemie, Jumatatu baada ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu Juma,

Assalamu alaikum, wewe na wote walio uani kwetu Ujiji. Isome barua hii umekaa kitako, maana ni ndefu kidogo, na mwishoni kuna jambo nakukabidhi ulishike. Mama yetu, goti lake limepoa? Mke wangu bado anakibana kile kikohozi cha asubuhi, akidhani hakuna anayemsikia? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechoka.

Najua unalotaka kuuliza. Baharia mmoja ameniambia ulisimama gatini Kigoma Alhamisi iliyopita mpaka abiria wa mwisho akapita, na mimi, baba wa bibi arusi, sikushuka. Nisamehe, ndugu yangu. Sababu ni motokari.

Patro wangu, yaani tajiri wangu, unamjua kwa barua zangu, Papa Masudi muuza vitenge, ninayemwendesha mwaka wa kumi na moja sasa. Motokari yake ya zamani ilikufa. Akataka nyingine ya milango minne, lakini yenye mbio, aende Nyunzu kwa wateja wake na kurudi kabla ya magharibi. Wazungu wengi wanaondoka, wanauza magari yao, na kila muuzaji anaapa kuwa lake ni zima. Basi Ijumaa moja baada ya sala, watu wakisikia, akaniambia, "Saidi, ile utachagua weye njo nitanunua. Chagua kwanza, kisha vuka, uende kuoza mutoto."

Nikaitikia. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Juma, huu ni mwezi wa pili, na neno nililolitoa mlangoni pa msikiti siwezi kulimeza.

Hapa kuijaribu motokari wanaita kufanya ese. Ese yangu mimi ni ile ya siku zote: bilauri ya chai iliyojaa mpaka mdomoni, naiweka sakafuni miguuni pa abiria, kisha napanda mlima, nateremka, nafunga breki. Chai ikimwagika, nataka kujua imemwagika kwa sababu gani.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya daktari mmoja aliyekuwa akifunga masanduku yake. Mota yake niliipenda, sifichi. Mlimani tulilipita lori kama limeegeshwa. Lakini tulipoteremka kuelekea ziwani nilikanyaga breki mara ya tatu, mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga mkate uliolowa. Niliisimamisha kwa gia na kwa dua. Fundi akasema kifaa chake hapa hakipatikani, mpaka kiagizwe Ulaya.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Papa Masudi hakuelewa kilichotokea. Alikuwa akifuta chai kwenye kiatu, akasema, "Mbio iko. Njo hii?" Yaani, ndiyo hii? Nikafungua kinywa. Neno moja tu, ndiyo, na Alhamisi ningekuwa melini. Kisha nikawakumbuka wanawe sita wanavyojazana kiti cha nyuma siku ya Idi. Nikasema, "Hapana, patro. Hii itaua watu."

Ya pili ilikuwa nyeupe, imelala chini kama paka anayevizia. Humu mjini ilikimbia kuliko zote. Nje ya mji jiwe la kwanza likaigonga tumbo, la pili likang'oa bomba la moshi, tukarudi tukinguruma, mji mzima ukitutazama. Mwenyewe akadai mimi ndiye sijui kuendesha. Iliniuma.

Majuma yakapita. Ndipo ikaja ya tatu, ya kijivu, iliyovushwa kwa meli kutoka huko huko Kigoma. Breki zake zinashika magurudumu yote manne sawasawa. Inapanda, haiyumbi kwenye kona, tumbo liko juu ya mawe. Chai haikumwagika hata tone, nikainywa. Nikasema moyoni, Mungu ameleta gari la kwetu lije kunichukua.

Lakini gari la kwetu usukani wake uko kuume, na hapa usukani wa motokari zote uko kushoto. Mimi sikupata tabu. Papa Masudi akakaa mbele kushoto, maana akikaa nyuma hutapika. Hatukuwaza kitu.

Tulipofika sokoni akina mama wa dagaa wakaanza. "Papa Masudi, leo njo weye shofere? Papa Saidi unamupeleka wapi?" Mwingine akadakia, "Patro Saidi, umulipe muzuri, yuko na watoto sita." Nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

Kwenye kizuizi cha darajani, askari akaja moja kwa moja kwenye dirisha la kushoto. "Shofere, leta permi." Alitaka leseni.

"Mimi hapana shofere. Mimi njo patro."

"Unakaa fasi ya shofere, unasema hauko shofere. Na huyu wa kule?"

"Huyu njo shofere wangu."

Askari akazunguka, akachungulia, akauona usukani, akawaita wenzake waje watazame. Mmoja akanipigia saluti. "Pita, patro."

Tulirudi. Mlangoni kwake akasema, "Irudishe."

"Patro, hii ndiyo nzima kuliko zote."

"Nasikia. Lakini sitaitwa shofere ndani ya motokari yangu mwenyewe."

"Basi ukae nyuma."

"Nitapike mbele ya watu?"

Sasa anangoja nyingine itakayopakiwa kwenye treni kutoka Kongolo, njia ikiwa nzuri ni majuma mawili. Nikamwambia, patro, binti yangu. Akanishika bega. "Saidi, mutoto wako ni mutoto wangu. Lakini ukienda, nani ataniambia kama hii ya Kongolo inadanganya?" Angenitukana ningejua la kumjibu. Ananiamini, na huko kuniamini ndiko kunakonifunga.

Harusi ya Zuhura tumekwisha kuisogeza mara mbili kwa ajili yangu, na kazi ya reli Tabora haitamngoja yule kijana anayemwoa. Sitaki isogezwe tena. Nimemwuliza mwalimu wa msikiti hapa, akasema baba aliye mbali anaweza kumfanya ndugu yake wakili wake. Kwa hiyo nimetamka mbele yake na mbele ya jirani yangu mshonaji, na sasa naandika: mimi Saidi, baba wa Zuhura, nimekufanya wewe Juma, ndugu yangu wa tumbo moja, wakili wangu, umwozeshe mwanangu badala yangu, kwa mahari aliyoitaja mwenyewe. Mkono wa kijana ushike imara. Utakuwa wa baridi. Wangu pia ulikuwa wa baridi.

Mpelekee mama salamu, umwambie asimlaumu Papa Masudi, anilaumu mimi niliyeitikia upesi. Shangazi atakayempamba bibi arusi, mwambie asimkaze sana ushungi, kichwa humwuma. Mke wangu nitamwandikia peke yake, nikipata maneno. Zuhura mwambie babake alijaribu magari matatu.

Siku hiyo utakaa mkekani mahali pangu. Huenda mgeni wa upande wa bwana arusi, asiyetujua, akakuita baba Zuhura. Usimsahihishe. Itika.

Ni mimi kaka yako,
Saidi, shofere

Tumesikia akitamka: Mwalimu Abdala; Ramazani mshonaji.