Korti Iko Chumbani

Baba Ndanu, na wewe Ndanu,

Nimeenda kortini, yaani niko chumbani. Rufaa ya mteja wangu, Mama Masila, inasikizwa kwa video, kwa hivyo msibishe mlango mpaka nitoke mwenyewe. Muthokoi iko kwa sufuria, pasheni tu. Ndanu, toa simu yako kwa wifi. Yule jogoo ~~achinjwe~~ afungiwe stoo.

Asubuhi mlicheka vile niliwainamia na kichwa kikatoweka kwa kioo cha kompyuta. Niliudhika, siwadanganyi. Lakini ni nyinyi mliamka mapema mkakaa kwa sofa mkawa majaji wangu wa mazoezi. Na Baba Ndanu, ni wewe uliniuliza, “Huyu mrufani hana jina?” Nilikuwa nimesema mrufani, mrufani, mpaka mama wa watu akapotea. Akishindwa leo, anatolewa kwa shamba alikomzika bwana yake kule Ndithini. Nitaanza na jina lake.

Asanteni sana. Huku nimevaa koti juu na leso chini, kwa hivyo majaji nitawainamia kwa shingo tu. Nyinyi nikitoka nitawainamia mpaka chini, leso na yote.

Mama