Mstari wa Tatu wa Ile Fomu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu ulioteguka umepona, au bado unachechemea huku unajifanya mzima? Shemeji nisalimie, na umwambie redio yake apunguze sauti. Sisi huku wazima. Mwanao ameota jino la pili na anang'ata kila kitu. Hata kalamu hii nimemnyang'anya.

Uliulizia majibu ya damu yake. Dada, hana selimundu! Amebeba kinasaba kimoja tu, alichorithi kwangu, na muuguzi amesema atakimbia na kusoma kama wenzake. Nililia palepale kwenye benchi, mpaka mama wa jirani akanipa kitambaa chake.

Sasa ya kazini. Unajua natoboa matundu ya vifungo kwenye sare za shule, na tulikuwa wanne tunaosubiri ajira ya kudumu. Msimamizi wetu tunamwita Sindano, kwa wembamba na kwa kuchoma. Aliposikia nimeenda kupima damu, akaniletea fomu, akasema niandike magonjwa yote ya kurithi katika ukoo wetu, maana hawezi kuajiri mtu wa kulala kitandani. Nikajaza. Unanijua, nikipewa karatasi yenye mistari naona aibu kuacha mmoja mtupu.

Baada ya siku tatu akaniambia jina langu limefutwa kwenye orodha.

Nilipompeleka mtoto kupimwa uzito, muuguzi akauliza mbona uso umenishuka. Nikamsimulia yote. Akaweka kalamu chini, akaniambia kuna sheria: habari za vinasaba ni mali ya mwenyewe, mwajiri haruhusiwi kuziuliza wala kumnyima mtu kazi kwa sababu ya habari hizo, na hata yeye hawezi kuzitoa bila ruhusa yangu. Nikamuuliza, hata mimi niliyeishia darasa la saba? Akacheka, akasema sheria haikuuliza darasa.

Akanielekeza kwa afisa wa kazi, mama mwenye sauti ya kubembeleza, lakini akipiga simu mtu anaitikia amesimama. Jumatatu Sindano alikuja ofisini kwa huyo afisa na ile fomu, jasho linamtoka. Nakala yake ikachanwa mbele yangu, fomu yenyewe nikakabidhiwa. Leo nina barua ya ajira ya kudumu, dada! Namwombea muuguzi na yule afisa kila nikiwasha mashine.

Ila kuna jambo sijakuambia. Afisa alipoisoma ile fomu aliniuliza kama wa mstari wa tatu alinipa ruhusa. Wa mstari wa tatu ni wewe. Niliandika jina lako lote, na lile uliloninong'oneza jikoni kabla ya harusi yako, ukaniapisha nisimwambie hata mama. Nilidhani ukweli ni kujaza kila mstari. Amelisoma Sindano, amelisoma na karani wake. Afisa amewaonya wasilitamke popote. Siri yangu imelindwa na watu baki, na yako nimeitoa mimi, niliyebebwa mgongoni mwako.

Nisamehe, dada. Fomu nimeitia humu kwenye bahasha. Mkono uliniwasha kuichana, nikaona mwenye haki ya kuichana ni wewe.

Mwanao anakubusu. Huo unyevu kwenye kona ya karatasi ni mate yake.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa mwenye meno mawili