Kidole Chako Kwenye "Nakubali"

Fundi wangu,

Hujambo? Leo chumba hiki cha bweni kimekuwa kidogo kwa furaha niliyonayo. Baridi bado inauma, na zile soksi ulizozicheka ndizo zinazoniokoa, lakini hayo tuyaache. Ile wizara ya huko nyumbani niliyoiomba kazi imenijibu. Nikimaliza haya masomo ya sera za teknolojia, naanza kazi kwenye kitengo kinachoandika kanuni za kulinda taarifa za wananchi.

Na chanzo ni wewe. Darasani niliwasimulia kibanda chako cha simu: mteja amekaa kwenye benchi, simu yake mpya inauliza kama amekubali masharti, nawe unabonyeza "Nakubali" kwa kidole chako mwenyewe, kisha unamwambia, "Tayari, dada, kazi kwako." Wenzangu walicheka mpaka basi. Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Andika hilo." Nikaandika, na ndilo andiko lililosomwa wizarani. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba mtu aliyenyamaza hajakubali.

Sasa juzi mama yangu kanipigia. Eti umemtangazia kila mtu kwamba nimekubali kuolewa nawe. Fundi, siku ile naondoka uliniuliza, nami nikanyamaza. Ina maana hata mimi umenibonyezea?

Nilinuna siku nzima, halafu nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Narudi mwisho wa mwezi. Njoo unipokee, uniulize upya, na safari hii weka mikono mfukoni mpaka nijibu mwenyewe.

Jibu ninalo tayari.

Wako,
Bi Maswali