Kuku Aliyeniachia Mama

Rangwe, Jumanne, Agosti 1996

Mayai yote yamekufa. Leo ni siku ya ishirini na moja na hakuna hata moja lililopasuka.

Alhamisi mume wangu alimchinja kuku aliyekuwa akiyalalia, yule aliyeniachia mama kabla hajafa. Wageni wa kanisa walifika nikiwa kisimani. Niliporudi nikakuta manyoya mlangoni.

"Baba Akinyi, huyo alikuwa analalia."

"Kuku ni kuku. Ulitaka wageni wale sukuma wiki?"

Niliyaweka mayai kwenye katoni yenye matambara, na koroboi kando yapate joto. Siku tano nimeyageuza asubuhi na jioni. Nilitumaini angalau uzao wake ungebaki.

Jioni hii nilivunja moja. Kifaranga kilikuwa kimekamilika, mdomo na kucha. La pili, hivyo hivyo. Mengine nimeyazika nyuma ya jiko bila kuyafungua.

Baba Akinyi alisimama akiniangalia. "Pole," akasema. "Lakini wageni walifurahi."

Walifurahi kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyempika yule kuku, nikawanawisha mikono, na waliposifu mchuzi, nikasema asante.