Uji wa mutoto asiye mugonjwa

Siku ya ine, mwezi wa tano 1962

Haya inanichoma. Tangu sirene ya bandari, ile ya kulia kila alfajiri, ilinyamaza, ninalala mpaka jua, na bwana yangu, Papa Leoni, anachelewa kazi. Kumbe miaka yote sirene njo ilikuwa inaniamsha, na mimi nilijisifu kwa majirani kwamba niko na bidii.

Jana, alipochelewa tena, alimwambia kapita, mukubwa wake wa kazi, kwamba mutoto wetu Leoni ana homa. Leo bibi ya kapita akatuletea uji wa ndimu. Akamukuta Leoni anakimbiza kuku.

“Mama Leoni, homa gani hii yenye mbio?”

Ningesema imepona. Lakini mutoto alikuwa ananiangalia.

Nikamujibu: “Mama, hakuna mugonjwa. Ni mimi nililala.”

Akacheka mpaka akakaa chini. “Hata kwetu tunalala! Kunywa maji mengi mbele ya kulala. Mukojo utakuamsha.”

Uji akatuachia. Sijui kama atamwambia bwana yake. Papa akichelewa tena, watamufukuza.

Papa hajui kwamba nilisema ukweli. Nimekunywa vikombe vitatu vya maji. Kesho nikimwamsha mbele ya jua, nitamwambia. Nikilala tena, nitamwangalia na macho gani…