Stempu ya Ubeti wa Mwisho

Kisenyi, Kampala
19 Desemba 1974

Kaka yangu Opoka,

Pokea salamu zetu, na baridi ya huko Ulaya isikuonee sana. Afya tunayo, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na mpwa wako Filda ameota jino la mbele.

Barua yako imefika, na juu yake ile stempu tuliyoingoja, ya ubeti wa mwisho wa wimbo wa Noeli. Unamjua shemeji yako Okeny. Kila bahasha yako aliikata pembe, akailoweka kwenye bakuli la uji la Filda mpaka stempu ibanduke, kisha akaitia kwenye albamu. Ikifika Desemba huwaimbia watoto kwa kufuata picha, kila stempu na ubeti wake. Akifika penye nafasi tupu hunyamaza makusudi, nao humzomea.

Nilikuandikia kwamba amesafiri kikazi kwenda Gulu. Si kweli. Barua zinafunguliwa, niliogopa. Hii anaibeba Mahmoud, mume wa jirani yangu Nusura, ataiposti Nairobi. Kwa hiyo leo nasema.

Askari walikuja mchana mmoja kupekua, wakakuta bahasha zako zote zimekatwa pembe. Mkubwa wao akauliza kwa Kiswahili chao cha kambini, "Kwa nini nyinyi nakata? Nani natuma hii barua?" Okeny akaeleza kuwa anakusanya stempu, akaanza hata kuwaimbia, huyu mtu! Wakasema anaficha muhuri wa posta unaoonyesha barua zinakotoka. Wakamchukua na soksi tu miguuni. Kesho yake nikapeleka albamu kambini kwao, waone pembe zilikokwenda. Wakaichukua, mimi wakanifukuza. Tangu hapo sijui alipo. Nina hasira, Opoka, hata na ule mkasi wake.

Sasa usitume tena stempu za picha. Bandika za kawaida.

Filda alipoiona hii mpya alikimbilia bakuli lake, akalijaza maji, akaniletea na mkasi. Nikamwambia tutaikata baba akirudi. Akamwaga maji, akalifuta bakuli, akalirudisha kabatini.

Nusura anakusalimu, na watoto pia. Ukiingia kanisani Noeli, ule ubeti wa mwisho tuimbie wewe.

Dada yako,
Laker